Mwizi wa Punje Zangu

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa maabara ametangaza leo: Ijumaa wanakuja wageni kutoka kiwanda cha maziwa. Mimi na Miwani tutaonyesha kazi zetu mbele yao, na atakayewapendeza ndiye atakuwa naibu wake. Alisema hivyo akimtazama Miwani. Adabu tu, asije akaonekana ananipendelea.

Miwani ni jina nililompa mwenzangu wa meza ya pili. Miwani yake hukaa kwenye paji la uso, naye huitafuta kutwa nzima. Kazi yake nitaieleza kwa haki. Bakteria wetu wakilishwa sukari nyingi hunenepa, na unene wao ni punje nyeupe za plastiki ndani ya miili yao. Tunawapasua, tunatoa punje, tunashikiza juu yake kimeng'enya, kile kichocheo cha mwilini kinachovunjavunja vitu. Kimeng'enya ukikitia hivi hivi kwenye maziwa, kinafanya kazi mara moja kisha kinapotelea humo humo. Kikishikizwa kwenye punje, unazichuja, unaziosha, unazitumia tena. Cha Miwani huvunja sukari ya maziwa, ili hata wale ambao maziwa huwavuruga tumbo wanywe kwa raha. Basi. Kazi nzuri kwa mtu wa kawaida.

Mimi nina jambo kubwa. Kiwanda kile huuza maziwa kwenye vikombe vya plastiki hii hii ya bakteria. Na kwenye friji yetu kuna kimeng'enya kinachoila plastiki hiyo hadi isionekane. Nitakishikiza kwenye punje zangu. Kikombe kikishatumika, unakitumbukiza, kinatoweka. Nani atakumbuka maziwa tena?

Nyumbani nimemwambia mama mkwe kwamba nimeshakuwa naibu. Kuokoa muda tu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeshikiza. Kimekamata vizuri ajabu, kichupa kizima cheupe kama uji mwepesi. Mikono hii! Nikakiweka kwenye kabati la joto ili kimeng'enya kichangamke.

Miwani akapita, akauliza kama nimefikiria punje zangu zimetengenezwa kwa kitu gani. Nikamjibu kwamba naifanya kazi hii tangu yeye hajajua kushika kichupa. Wivu humfanya mtu mzima aulize maswali ya darasa la kwanza.

Mama mkwe amewaambia majirani wote wa ghorofa yetu. Mwenye duka la chini ameniita Bwana Naibu. Sikumsahihisha. Limenikaa.

Jumatano, 6 Machi

Nimeibiwa! Kichupa kipo, kifuniko kipo, punje hakuna. Maji matupu, safi, unaweza kusoma gazeti ukiyaweka mbele ya macho. Mwizi mwenye adabu, kachukua punje kaacha maji. Na mwenye sababu ya kuniibia ni mmoja tu.

Nilimwendea Mkuu nikamweleza kwa maneno ya kuzunguka. Akaniambia nikapumzike. Kutoka pale, Miwani akanigawia punje tupu kutoka akiba yake, bila hata kuombwa. Dhamiri inamsuta. Nikazichukua, lakini sikumshukuru sana.

Nimetengeneza upya. Safari hii nimebandika unywele wangu kwa gundi juu ya kifuniko. Atakayekigusa ataukata, nami nitajua. Hili wazo ni langu mwenyewe, sikufundishwa na mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Unywele mzima. Punje hakuna.

Mimi simvulii mtu kofia ovyo, lakini kwa hili Miwani namvulia. Nimepata dawa yake, hata hivyo. Nimetengeneza punje za mwisho, na hizi hazitoki mwilini mwangu. Nimekifunga kichupa kwa leso, nimekitia kwenye mfuko wa shati, kifuani, chini ya koti. Sitaifungua leso hadi mbele ya wageni. Hata kitandani nimepanda nacho. Mke wangu akauliza kama sasa kichupa ndicho mke mkubwa. Nikamwambia avumilie, ni kwa faida yetu sote.

Ijumaa, 8 Machi

Koti limepigwa pasi na mama mkwe mwenyewe. Nilitangulia mimi. Nilihutubia vizuri, hata mpika chai alisimama mlangoni kusikiliza. Nikafungua leso.

Maji.

Nikasema papo hapo kwamba humu ndani kuna mwizi, nikamnyooshea kidole Miwani. Mkuu akaniuliza taratibu punje zetu ni za nini. Nikasema za plastiki. Akauliza plastiki gani. Ya bakteria. Akauliza kimeng'enya changu kinakula nini.

Nikaanza kuikunja leso. Nilisikia aibu hadi masikioni. Miwani hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alichuja maziwa yake, meneja wa kiwanda ambaye hajagusa maziwa tangu utotoni akanywa glasi nzima, akakaa hadi chakula cha mchana, tumbo likatulia. Miwani ndiye naibu. Punje zake zinapelekwa kiwandani Jumatatu.

Nyumbani nilikuta majirani wamejaa sebuleni kunipongeza. Nikawaambia unaibu umeahirishwa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetafakari na kosa nimeliona: punje zilikuwa chache. Kimeng'enya kilikuwa na njaa, kikala kilichokuwa karibu. Zingekuwa nyingi kingeshiba, nyingine zikabaki. Mkuu mzima hakuliona hilo.

Naibu mpya amenipa kazi ya kuosha punje zake na kuzitayarisha kwa safari. Huwezi kumpa kazi hiyo mtu usiyemwamini. Nimeziosha vizuri kuliko anavyoziosha yeye. Wakati wa kuzitia kwenye chupa yake kubwa, maji yakapungua kidogo. Nami ninayo yale yangu, vichupa vyote, kimeng'enya bado kimo humo na nguvu zake zote, hakina pa kukaa. Kumwaga ni dhambi. Nikamimina yote.

Sasa punje zake zitavunja sukari na kumaliza vikombe pia. Kazi mbili kwa chupa moja, na iliyo kubwa ni yangu. Nimeiacha kwenye kabati la joto hadi Jumatatu, vizoeane.

Miwani sijamwambia, nataka aone mwenyewe mbele ya meneja. Mama mkwe nimeshamwambia awaite majirani.