Mativo Ameokoka, Kanda Zichomwe

Habari ilimfikia Wakoli ikiwa imefungia mandazi. Triza alimkabidhi mawili ya moto ndani ya kipande cha gazeti la jana, na Wakoli, ambaye hakuwahi kutupa karatasi kabla ya kuisoma, akaanza kusoma huku akitafuna. Alipofika mstari wa tatu taya likasimama.

"Kaseti, unakula ama unaomba?" Nyamai alimuuliza, sindano ikiwa imezama kwenye soli ya kiatu.

"Wacheni kwanza."

"Huyu mse ameona jina lake kwa wanaotafutwa," Nyamai akasema.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka wa tisini na nne, huko Kayole, kwenye kibanda cha Nyamai fundi wa viatu. Mbele ya kibanda palikuwa na benchi moja, na kando ya benchi jiko la Triza la chai. Anayekalia benchi hilo wiki mbili mfululizo hurudi kwake na jina jipya. Nyamai aliitwa Gundi, kwa kuwa neno likishamwingia halibanduki. Mzee Oketch, karani mstaafu wa reli, aliitwa Hansadi, maana alikumbuka kila kitu kilichowahi kusemwa, hata kile ambacho hakikusemwa. Triza alikuwa Jaji; yeye ndiye aliyekata kesi, na ukikataa hukumu hupati chai. Wakoli, wa kiwanda cha biskuti Industrial Area, alikuwa Kaseti, na hilo halikuhitaji kuelezwa.

Miaka kumi na moja Wakoli alikuwa ameifuata bendi moja tu: Orchestra Nyuki Success ya mwimbaji Mativo. Walipopiga Jericho, alikuwepo. Walipopiga Machakos, Webuye, Kitale, alikuwepo, redio kaseti ya betri sita begani kama mtu aliyebeba mgonjwa. Akifika anaitua kando ya spika, anabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, anarekodi mwanzo hadi mwisho. Kanda za studio alizinunua zote, lakini alizidharau. "Muziki wa studio," alizoea kusema, "ni bwana harusi kwa picha. Mnataka kumwona akicheza, sio akisimama." Zile zake mwenyewe, arobaini na tatu, zilikaa kwenye katoni ya biskuti chini ya kitanda, kila moja na tarehe yake, na hakuna mtu aliyeruhusiwa hata kufagia karibu.

"Mativo ameokoka," Wakoli alisema hatimaye.

Nyamai aliachia kiatu. "Mativo gani? Mativo wetu?"

"Mativo wa Nyuki. Bendi imevunjika. Imeandikwa hapa. Kesho saa tisa anatoa ushuhuda pale uwanjani, na anaomba mashabiki wote wapeleke kanda zake zichomwe."

 Wote wakaongea kwa pamoja.

"Wacha aokoke!" Triza akasema. "Yule mtu ameimba wanawake wa Kenya nzima kwa majina. Si apumzike."

"Kuokoka sawa," Nyamai akasema. "Mimi ni Mkamba, yeye Mkamba, nampongeza. Lakini kuchoma? Kanda niliinunua mimi, dhambi ni yake. Kwani ukinunua viatu kwangu halafu niokoke, utatembea miguu tupu?"

"Viatu vyako hata usipookoka tunatembea miguu tupu," mzee Oketch akamjibu.

"Hansadi, usinianze asubuhi."

Mzee Oketch alisogeza kofia nyuma, ishara kwamba hotuba imeiva. "Mnaliangalia jambo kombo. Swali ni la Kaseti. Huyu kijana ameapa hapa, mbele yangu, tarehe siikumbuki—"

"Leo umesahau tarehe? Dunia imekwisha," Triza akasema.

"—ameapa kwamba anamfuata Mativo popote. Alimfuata Kitale mvua ikinyesha. Alimfuata Webuye, mke akiwa na mimba ya miezi tisa. Sasa Mativo anaelekea mbinguni. Kaseti, huko ndiko utamwachia njiani?"

Wakacheka mpaka benchi likalia. Wakoli hakucheka. Maneno ya mzee yalikuwa ya mzaha, lakini yalimkaa kama mwiba wa samaki.

"Buda, usimsikize," Nyamai alimwambia, akipunguza sauti. "Ficha katoni kwangu hapa chini ya ngozi. Nani atajua?"

"Mama Nabiswa atajua," Wakoli akasema.

Hapo Nyamai akarudia sindano yake. Mama Nabiswa ndiye Kezia, mke wa Wakoli, aliyeokoka miaka mitatu iliyopita na kuomba tangu siku hiyo kwamba ile katoni itoke chini ya kitanda chake. Habari aliipata kanisani kabla gazeti halijafika kwa mandazi. Wakoli alipoingia nyumbani alimkuta ameshaifuta katoni vumbi na kuifunga kamba ya manila.

"Baba Nabiswa," alisema kwa upole, "mimi sikulazimishi. Lakini mwenye nyimbo amesema."

Ndilo lililommaliza. Angekuwa mchungaji ndiye aliyesema, Wakoli angebishana naye. Angekuwa mke peke yake, angetoka akaenda kwa Nyamai. Lakini mwenye nyimbo amesema.

Jumapili saa tisa uwanja ulikuwa umejaa. Mbele ya jukwaa palikuwa na rundo la kanda limelowa mafuta ya taa, likisubiri kiberiti. Kijiwe kizima kilihudhuria. Nyamai alisema amekuja kwa ajili ya roho yake, Triza alikuja kuuza chai, na mzee Oketch alikuja kuweka kumbukumbu.

Mativo alipanda akiwa ndani ya suti ya kijivu iliyokuwa na nafasi ya mtu mwingine. Alisema alivyokunywa, alivyozurura, alivyoharibu. Alisema vizuri, yule mtu hata akisoma orodha ya sokoni utadhani ni kiitikio. Kisha akaita watu walete kanda.

Walienda mmojammoja. Huyu kanda mbili, yule tano. Nyamai akanong'ona, "Angalia yule, anatupa kanda ya somo la Kiingereza. Tapeli mpaka mbele ya Mungu."

Wakoli alitembea na katoni yake. Kezia alikuwa nyuma, akiimba polepole. Alijilaumu kwa kuwa machozi yalikuwa yanamjia mahali ambapo kila mtu angedhani ni ya toba.

Mativo alimwona, akashusha kipaza sauti.

"Wewe," akasema. "Wewe si yule wa spika?"

"Ndio mimi."

"Miaka yote hiyo nilidhani wewe ni wa polisi."

"Mimi ni wa biskuti."

Mativo akachungulia ndani ya katoni. "Hizi ni nini?"

"Ni nyinyi. Kila mahali mlipopiga na mimi nikafika."

Mwimbaji akainama, akachukua moja, akasoma kwa mwandiko wa Wakoli: Machakos, Desemba 1987. Akaigeuza, akaisoma tena. Wakoli alijua kwa nini. Siku hiyo Machakos aliyepiga gitaa ni Aloo. Aloo wa solo, aliyekuwa akilifanya gitaa liongee Kijaluo, aliyekataa kuingia studio hata mara moja kwa sababu alisema gitaa halipigiwi ukuta. Malaria ilimchukua mwaka wa tisini, na kanda zote za madukani zilikuwa na mpigaji mwingine.

"Yumo?" Mativo aliuliza. Sasa hakuwa akihubiri.

"Yumo. Kwa hizi, kumi na sita yumo."

Nyuma, mchungaji mwenyeji alikuwa tayari na kiberiti. "Tupa, ndugu! Tupa kwa jina la Bwana!"

Umati ukaitikia. Wakoli akainua katoni. Mativo akaidaka ikiwa hewani, akaikumbatia, akageukia kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema, "mapepo ya hizi ni makubwa. Hizi haziwezi kuchomwa hivi hivi. Zinahitaji maombi maalumu. Nitaenda nazo nyumbani."

"Ameeen!" uwanja ukanguruma.

"Ameibiwa," Nyamai akasema.

Jumatatu benchi halikuwa na huruma. Nyamai alisema hajawahi kuona mtu akipora mali mbele ya watu elfu moja na kushangiliwa. Mzee Oketch alisema zamani reli zilipotea hivyo hivyo. Triza pekee ndiye aliyemtazama Wakoli usoni, akaona hajalala.

"Enda kwake," alimwambia, akimmiminia chai. "Ukikaa hapa hawa watakumaliza. Enda ukaulize. Hiyo ni hukumu."

Basi Jumanne, alipotoka kiwandani, Wakoli alienda Umoja, kwenye nyumba ya Mativo. Hakubisha hodi mara moja. Alisimama mlangoni, kwa sababu ndani kulikuwa na Aloo.

Lilikuwa gitaa la Machakos. Lilipanda, likazunguka, likacheka peke yake, likashuka. Wakoli alisikiliza hadi mwisho wa wimbo, ndipo akagonga.

Mativo alifungua bila koti, macho mekundu. Hakujitetea. Alimwonyesha kiti, akakaa karibu na redio.

"Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa anacheka akipiga," alisema. "Miaka minne nimejaribu kuikumbuka sauti yake, nakumbuka ile ya hospitali tu. Wewe ulikuwa nayo chini ya kitanda."

"Ungeniambia ningekuletea."

"Ningejua aje? Nilidhani wewe ni polisi." Akapangusa uso. "Lakini kuna jambo moja nataka kukuuliza, na unijibu kama mbele ya Mungu. Kila kanda, kila wimbo, kuna mtu analia juu ya muziki. Mimi nikiimba, yeye anaimba. Nikinyamaza, anaendelea. Machakos amenifunika kabisa. Nilidhani ni ng'ombe nje ya ukumbi. Ni nani huyo?"

Wakoli alitazama sakafu. Miaka kumi na moja alikuwa amezisikiliza kanda zile akiimba pamoja nazo, na hakuwahi hata mara moja kusikia kwamba ndani yake tayari kulikuwa na mtu anaimba.

"Ni mimi," akasema.

Mativo alimtazama. Kisha akaanza kucheka, cheko lililoanzia tumboni na kuishia kwenye kikohozi, na Wakoli, aliyekuwa amekuja kudai haki yake, akajikuta naye anacheka mpaka akashika ukuta.

"Bwana," Mativo alisema alipopata pumzi, "kumbe miaka yote hiyo wewe ndiye ulikuwa bendi, mimi nilikuwa kiitikio."

Walizungumza kwa kirefu. Mativo hakuwa akiigiza. Alikuwa ameokoka na hakutaka kurudi kwenye vilabu, na hilo Wakoli alilikubali, ingawa lilimuuma. Lakini kumchoma Aloo hangeweza. Wala hangeweza kukaa na kanda zile, kwa sababu nyumba yake sasa iliingiwa na wazee wa kanisa bila hodi. Akaisukuma katoni mpaka miguuni mwa Wakoli.

"Rudi nazo. Ila unikubalie niwe nakuja kwako kumsikiliza. Jumanne moja moja."

"Na Mama Nabiswa je?"

"Mama Nabiswa niachie mimi."

Jumanne iliyofuata Kezia alifungua mlango akamwona mtumishi wa Mungu aliyemwona jukwaani, amesimama kwake, Kayole. Alichinja kuku. Aliita jirani. Walipokwisha kula, Mativo aliomba kwa unyenyekevu mwingi, akamtaja marehemu Aloo kwa jina, kisha akamwambia Kezia kwamba wangependa kumkumbuka ndugu yao kwa muda mfupi. Wakoli akabonyeza.

Kezia alikaza uso kwa wimbo mzima. Wa pili, alitazama dirishani. Wa tatu ulikuwa wa Jericho, mwaka wa themanini na tano, na katikati ya solo, juu ya sauti ya Wakoli iliyokuwa ikibweka, msichana mmoja akapaza sauti karibu kabisa na redio: "Wewe kijana, utacheza ama utalinda hicho kisanduku?"

 Kezia aliweka mkono mdomoni. Alikuwa amemsahau yule msichana aliyekuwa yeye mwenyewe. Wakoli hakuwa amemsahau, ila hakuwahi kuthubutu kumwambia mkewe yuko kwenye kanda gani, asije akaitoa na kuivunja.

"Irudishe nyuma," Kezia alisema polepole. "Kidogo tu."

Hayo Wakoli aliyasimulia kijiweni Jumamosi, na hakuna aliyeamini.

"Mama Nabiswa? Yule wa mkesha?" Nyamai akauliza. "Kaseti, biskuti zimekuingia kichwani."

"Mimi sina la kuandika hapo," mzee Oketch akasema. "Shahidi hakuna."

"Nipeni ushahidi nikate kesi," Triza akasema.

Walikuwa bado wanamcheka Wakoli, Kezia alipotokea upande wa barabara, Biblia kwapani, kitambaa cheupe kichwani, akitembea haraka kama mtu mwenye ujumbe. Benchi zima lilisimama kwa adabu. Mzee Oketch akavua kofia.

"Hamjambo, wazee. Hujambo, Triza." Kisha akamgeukia mumewe, akashusha sauti, lakini si vya kutosha. "Baba Nabiswa, mtumishi ametuma mtu. Anauliza haya maombi ya Jumanne, tunaanzia saidi ei ama saidi bii?"