Ombi la Kuirudishia Kamera ya Mjomba Mtikisiko Wake

Kwa Mjomba, mpiga video wa harusi na shughuli zote za ukoo,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii imekukuta umetulia, ingawa utulivu ndio hasa ninaoulalamikia. Ningekuja kukueleza ana kwa ana, lakini unanijua: nikifika mlangoni pa studio yako nasalimia kiti, kisha narudi nyumbani.

YAH: GIMBO YAKO KUPONA KUPITA KIASI

Jumamosi nitapanda jukwaani shuleni kusoma insha yangu mbele ya wazazi wote, nawe umeahidi kunirekodi. Mjomba, mimi hutetemeka. Karatasi mikononi mwangu hupiga kelele kuliko sauti yangu. Hadi majuzi hakuna aliyejua, kwa sababu video zako zote zilitikisika: bwana harusi alitikisika, keki ilitikisika, ukuta ulitikisika. Mwaka jana nilipokariri shairi, nilitikisika pamoja na mwalimu mkuu na nguzo ya bendera. Bibi alipowekewa video ile akasema, "Mjukuu wangu kasimama imara, ila hilo jengo wakaliangalie."

Kisha ukaipeleka kwa fundi gimbo yako, hicho kishikio chenye mota kinachoituliza kamera mkononi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulinipa kitabu chake cha maelekezo ukisema, "Wewe si unapenda kusoma? Basi soma na hiki." Nikasoma. Ndipo tukagundua kwamba kamera husawazishwa juu ya gimbo ikiwa imezimwa, mpaka ikae bila kuinama mbele wala nyuma, halafu ndipo mota ziwashwe. Miaka yote wewe ulikuwa unawasha kwanza, "ili mota zijue bosi ni nani". Zililia kama mbu, na kamera ikasinzia kama mjumbe wa kikao. Kwa kusoma kwangu nimejichongea mwenyewe.

2. Kumbe pia ulikuwa unasawazisha kifuniko cha lenzi kikiwepo, kisha unakivua na kushangaa kwa nini kamera inainua pua. Siku hizi unakivua kwanza. Sijui nani alikuharakisha.

3. Fundi simu, jirani yako, amebadilisha waya uliokatika ndani, amepuliza vumbi, na ameibana ile skrubu uliyokuwa umeifunga kwa uzi. Mtu gani anatengeneza kitu mpaka kinapona? Feni yetu imepita kwa mafundi wote wa mtaa huu na hadi leo haijasahau adabu yake ya kuharibika.

4. Hili ndilo zito. Gimbo ulikuwa unaifundisha usawa juu ya meza yetu ya chakula, yenye mguu mmoja mfupi, nayo ikaamini kwamba dunia imeinama kushoto. Maharusi wote wa ukoo huu wameoana kwenye mteremko. Katika video ya Shangazi, mumewe anaonekana akiteleza taratibu kutoka kwenye ndoa, na bado wako pamoja. Kisha mtu mmoja mwenye kiherehere, yaani mimi, akakunja kipande cha boksi akakiweka chini ya ule mguu.

5. Matokeo yake umeyaona kwenye harusi ya binamu, nilipoambiwa niseme maneno mawili ya pongezi. Ukuta umetulia. Keki imetulia. Hata mtoto mchanga ametulia. Anayetetemeka ni mmoja. Video imetumwa kwenye kundi la ukoo, na Mama Mdogo ameuliza kama nimeshapimwa malaria.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba Ijumaa utakapokuja kuifundisha gimbo usawa, uiwashe kabla ya kuisawazisha, uache kifuniko mpaka mwisho, na uirudishie skrubu uzi wake. Mimi kwa upande wangu nimekwisha kulitoa boksi chini ya mguu wa meza. Siku yenyewe, ikibidi, urekodi ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Shule nzima ikitetemeka, mimi nitakuwa mtu wa kawaida.

Wasalimie wote: mkeo, watoto, paka wa studio, na fundi simu, ila yeye usimsifu.

Mpwa wako mtiifu, ambaye hata mwandiko wake unatetemeka,
Mtoto wa dada yako

Nyongeza: Bibi amenikuta nikifanya mazoezi ya kusoma. Magoti yake hayatamfikisha shuleni, kwa hiyo ataningoja kwenye video. Ameniambia kwamba zile za zamani zilikuwa zinamtia kizunguzungu, akawa anafumba macho na kusikiliza tu. Hata lile la jengo alilisema macho yakiwa yamefumbwa. "Mwambie mjomba wako aje na ile iliyotulia," amesema. "Nataka nikuone uso."

Boksi nimelirudisha chini ya mguu wa meza. Nimeweka juu ya meza glasi ya maji, na maji yamekaa sawa. Tafadhali kivue kifuniko kwanza, usawazishe, ndipo uwashe. Atetemeke mmoja tu.