Mstari Mmoja kwenye Jeli

Jumatatu, 3 Machi
Profesa ametangaza: atakayetangulia kukisafisha kimeng'enya chetu, kikaonekana mstari mmoja tu kwenye jeli, atapata mkataba wa miaka miwili. Mwingine aage. Tupo wawili: mimi na mdogo wake mke wangu. Nafasi ya shemeji hapa niliiomba mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Nimepasua lita mbili za bakteria. Mle ndani mna protini chungu nzima. Naitaka moja, kimeng'enya chetu, kinachokata peptidi, yaani minyororo ya protini, kama mkasi. Kwenye jeli kila protini huchora mstari wake. Jeli yangu: mistari ishirini na mitatu. Ya shemeji: minne. Nimemwambia mke wangu kuwa wingi ni utajiri. Kauliza utajiri wa nini.

Jumatano, 5 Machi
Mpango. Nimeandika jina langu kwenye zamu za mashine ya kuchujia, asubuhi hadi jioni, leo na kesho. Shemeji atachujia wapi? Nimekaa mbele yake kama mlinzi wa benki. Ndani napitisha maji matupu, ionekane iko kazini.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Tyubu yangu ya protini za Jumanne haijaingia friji tangu juzi. Iko mezani, juani. Fundi wa maabara kanishauri niimwage. Shemeji alikuwa anatazama, basi nikaipima kwa kiburi tu. Mstari mmoja. Mnene, peke yake. Kimeng'enya kimewala wenzake wote! Nikakitilia peptidi ya majaribio, ile inayogeuka njano ikikatwa. Ikawa njano kabla sijafunga kifuniko.

Ijumaa, 7 Machi
Kikaoni nimeiita mbinu yangu usafishaji kwa joto la asili. Shemeji akasema mbele ya wote, "Shem, si useme tu uliisahau." Wakacheka. Profesa hakucheka. Alisema sayansi haiulizi mtu kasahau nini. Mkataba ni wangu! Nasaini Jumatatu, nikishampimia Profesa kimeng'enya hichohicho kinapenda joto gani na asidi kiasi gani. Shemeji akanifuata koridoni: nikigandishe haraka, kimebaki peke yake, sasa kitajitafuna. Wivu huo.

Jumamosi, 8 Machi
Tyubu nimeirudisha juani. Siku mbili zimenipa mstari mmoja, nne zitanipa nini! Asubuhi peptidi ilichukua dakika moja kuwa njano. Adhuhuri, nusu saa. Jioni hii haijageuka kabisa. Kimetulia, hakina tena uchafu wa kukisumbua. Shemeji kaomba matone mawili ayagandishe, eti akiba yangu. Nimekataa. Kalamu ya kusainia nimeshanunua.