Hotuba ya Kufungua Makumbusho ya Kengele, Gorno Zvanchevo

Mheshimiwa Katibu wa Mheshimiwa Gavana wa Mkoa, ambaye angekuwepo kama angekuja. Padri Evstati, mwenye kubariki mikate na matrekta. Mkuu wa Posta mstaafu. Mwenyekiti wa kwaya ya kina bibi pamoja na makamu wake wasiosemezana. Wananchi wapendwa wa Gorno Zvanchevo. Na mimi mwenyewe, Meya wenu Gancho Dryankov, niliyejitaja mwisho kwa unyenyekevu ingawa kiti changu kiko mbele: salamu! (Makofi ya mtu mmoja, shemeji yake meya.)

Leo, Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, siku ambayo tangu enzi za mababu wanaume wetu huvaa ngozi na vinyago vya pembe, wakajifunga kengele viunoni na kurukaruka mlango kwa mlango ili pepo wabaya wa majira ya baridi wahame kijiji, nasimama mbele ya jengo hili la kisasa kutamka rasmi kwamba Makumbusho ya Kengele, mradi niliouasisi, nikausimamia na kuusifu mimi mwenyewe, umefikia utekelezaji wa asilimia tisini na saba nukta nne, na kilichobaki ni masuala madogo ya kiufundi upande wa nyuma, ambako naomba mtu asiende. (Minong'ono.)

Wapo wanaouliza ziko wapi zile kengele arobaini nilizokusanya nyumba kwa nyumba kwa ajili ya maonyesho.

(Bibi Velika, mjane wa Stamen: "Wee Gancho, porojo weka kando! Kengele ya marehemu mume wangu iko wapi? Radko, mjukuu wangu, kavaa ngozi tangu alfajiri. Sasa acheze na nini, sufuria?" Vicheko.)

Ahsante, bibi, kwa mchango wako. Kengele zote ziko katika mchakato wa uhifadhi shirikishi, kwenye hewa safi ya mlimani, zikitikiswa asubuhi na jioni zisishike kutu, chini ya watumishi arobaini wa kudumu wasiodai hata mshahara. Mfumo huu niliubuni baada ya ziara ya mafunzo ya siku kumi na moja Brussels, ambako nilikula chokoleti kwa niaba yenu. Je, mna imani na uongozi wangu? (Umati mzima unatikisa vichwa juu na chini, ishara ambayo kwetu ni hapana.) Naona mnakubali! Hata Brussels walinikubali hivyohivyo!

(Mlio wa kengele unasikika nyuma ya kilima. Bibi Velika anasimama: "Ile nene, inayokwama kidogo kabla ya kulia, ni ya Stamen wangu! Miaka thelathini na tano imelia mlangoni kwangu, nitaikosaje?" Mbuzi wa meya wanateremka, kila mmoja na kengele shingoni.)

Tulieni, ndugu wananchi! Hao ndio watumishi niliowataja. Ieleweke kwamba mbuzi hawa ni wangu binafsi, lakini kengele wanazivaa kikazi. (Wanaume wanaruka uzio, wanawavua mbuzi kengele na kujifunga viunoni. Bibi Velika anaikumbatia ya kwake, analia huku akicheka, kisha yeye mwenyewe anamfunga Radko kiunoni na kukaza mkanda kwa nguvu zake zote.)

Tuseme kwa pamoja: Urithi wetu! (Umati: "Umerudi!") Maendeleo! (Umati: "Yako wapi?") Meya wetu! (Umati: "Mshikeni!")

Kwa kumalizia, namshukuru Bwana Kiril kwa kutuazima ukuta mmoja wa zizi lake, ambao jana mchana tuliupaka rangi na kuuchorea madirisha, na ambao ndio makumbusho yote tuliyo nayo. Nawashukuru wafadhili, ambao nitaanza kuwatafuta wiki ijayo. Namshukuru Padri kwa kubariki utepe, maana kingine cha kubariki hakikuwepo. Na nawashukuru sana wanaume wetu kwa kuamua kuanzia ngoma yao kwangu, ila, jamani, mbona mnanisogelea hivyo? Nyie hufukuza pepo wabaya! Mimi ni meya!

(Kengele arobaini zinalia kwa mpigo. Bibi Velika: "Ruka, Radko, ruka! Mwaka huu tunaanza na mkubwa wao!")