Chati ya Kumuuza Ng'ombe wa Baba

Jumatatu, 9 Juni

Likizo. Nimekata shauri: ng'ombe auzwe. Akibaki, mimi na mdogo wangu Veronika tutaendelea kupokezana zamu za kuteremka tambarare kukata majani na kuyapandisha kichwani hadi nyumbani Mwika. Wenzangu wako Moshi mjini, wananenepa. Kumwambia Baba uso kwa uso siwezi. Mbele yake hata shikamoo hunikwama. Ila takwimu hazina aibu. Zitanisemea.

Jumanne, 10 Juni

Shangazi Beatrice ni katibu wa kikundi cha maziwa. Lita za kila mwanachama zimo kwenye hifadhidata ya kompyuta yake. Nikajitolea kumsaidia kupanga mambo. Kaniombea baraka, masikini. Nikaiambia akili mnemba iliyomo humo, kwa Kiingereza changu cha shule, ilinganishe ng'ombe wetu na wa majirani. Ikachimba yenyewe, ikachora chati ya vinguzo, kila ng'ombe na chake. Kinguzo chetu kifupi kuliko vyote. Kilinipendeza mno.

Majani sikwenda kukata, na leo zamu yangu. Nimemkatakatia migomba ya hapa hapa nyuma ya banda, kama kawaida. Ng'ombe hasomi ratiba.

Jumatano, 11 Juni

Vero kanusa. Kauliza mbona natabasamu peke yangu kama bwana harusi. Nikamjibu ni mambo ya wakubwa. Kasema mkubwa gani anaogopa kuagiza soda dukani. Ni kweli, lakini haihusiani.

Alhamisi, 12 Juni

Migomba tena. Jioni Shangazi kaja na kompyuta, kwa ombi langu. Baba kaitazama chati, kaguna, kasema kweli huyu ni hasara, Jumamosi apelekwe mnadani. Nilitaka kuimba.

Kisha kauliza kama mashine inaweza kuonyesha siku kwa siku, asije akamdanganya mnunuzi. Nyumba nzima inanisikiliza mimi, kwa mara ya kwanza. Nikaiuliza kwa sauti, kwa Kiswahili, kila mtu asikie.

Vinguzo vikatoka kama meno ya msumeno. Chini yake ikaandika, kwa adabu zote, kwamba maziwa hushuka kila baada ya Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Je, kuna kinachobadilika siku hizo?

Maoni sikuyaomba.

Vero, mdomo umejaa ndizi, kasema hizo ni zamu za Kaka. Baba kachukua tochi, kaenda bandani. Karudi na kipande cha mgomba, kinachuruzika maji. Kauliza kama mimi ningeshiba maji matupu. Shangazi kafunga kompyuta taratibu, kama anayefunga mlango wa msiba.

Jumamosi, 14 Juni

Ng'ombe haendi popote. Zamu zote ni zangu mpaka shule ifunguliwe. Vero kapandishwa cheo: anakagua mzigo. Wa leo kaukataa, eti magugu mengi. Nikashuka tena.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada Baba kawasimulia wanakikundi. Wamefurahi sana. Kila nyumba itachorewa chati, na zamu za watoto zionekane. Martin wa jirani, mtu wa migomba kama mimi, kanipa mkono na kuniambia kwa upole tutaonana tambarare.

Mchana kutwa nimewaza nilikosea wapi. Nimepaona: nilitegemea takwimu za watu wengine. Kesho naanza mpya, za maumivu ya shingo yangu kwa kila mzigo wa majani. Baba ataona vinguzo virefu kama Kibo. Hizo nitazijaza mwenyewe.