Tambi, Vijiti na Shati la Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe anafungua duka la pili la vifaa vya ujenzi. Anatafuta msimamizi. Ametualika Jumamosi kwenye ukumbi wa vyakula, ghorofa ya tatu ya lile jengo jipya la maduka. Chakula gani! Anakuja kutupima, mimi na mume wa shemeji yangu mdogo. Jamaa huyo kampuni yao ilimpeleka Japani, semina ya matairi. Tangu arudi hashikiki! Namwita Bwana Semina. Ndiye aliyependekeza kibanda cha rameni, chakula cha huko Japani. Anataka nidhalilike kwa vijiti vyao vya kulia.

Jumatano, 6 Machi
Nimechomoka kazini kwenda kufanya mazoezi. Rameni ni nini? Tambi kwenye supu! Mifupa ya kuku imechemshwa hadi mchuzi ukawa mzito na mweupe kama maziwa, mafuta yanaelea, juu yake nusu yai. Eti watu wanapanga foleni! Tambi zikaniponyoka. Yai likarukia meza ya jirani. Nikaomba uma, hakuna. Nikaomba mkasi. Mpishi akaniuliza wa nini. Nikamwambia wa tambi. Akanitazama kama mbuzi aliyepanda lifti. Tumeelewana lakini: Jumamosi anipokee kama mteja wake wa siku zote.
Mchuzi niliumaliza. Hilo halimhusu mtu.

Ijumaa, 8 Machi
Ugunduzi! Nimesoma kwamba rameni huvutwa kwa kelele, ndiyo heshima yenyewe. Nimefanya mazoezi bafuni na tambi za pakiti. Mke wangu akagonga, akauliza kama sinki limeziba. Nikamweleza mpango. Akasema baba yake hapendi kelele mezani. Wanawake! Biashara wataijulia wapi?

Jumamosi, 9 Machi
Sitaki kuandika. Naandika.
Mpishi aliniona, akapaza sauti, “Karibu, bosi!” Baba mkwe akageuka, macho yamemtoka kwa heshima. Raha iliyoje! Kisha yule mpumbavu akaongeza, “Leo mkasi wako upo!”
Bwana Semina akacheka hadi akashika meza. Akaanza kumfundisha baba mkwe kushika vijiti, kidole kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. Mzee akanuna. Nikaona nafasi yangu. Nikainamia bakuli, nikavuta kwa pumzi zote.
Mkia wa tambi ulipaa. Mchuzi ukatua kwenye shati jeupe la baba mkwe, toka ukosi hadi mfukoni. Bwana Semina akapaliwa na yai, akalitema palepale.
Mke wangu, niliyekuja naye, akaleta tishu, akamfuta baba yake, akamhamishia kwenye kiti kingine. Yeye mwenyewe akala kwa kijiko huku akimuuliza mzee saruji italetwa na nani na itahifadhiwa wapi. Mzee akamjibu yote. Mwishowe akatugeukia sisi wawili.
“Duka atasimamia binti yangu. Nyinyi endeleeni kucheza na chakula.”

Jumapili, 10 Machi
Nimetafakari kwa kina. Nimeliona kosa: shati! Nani huvaa jeupe kwenda kula rameni?
Mke wangu anatafuta msaidizi. Bwana Semina ameshaomba, hana haya! Mke wangu anasema atatusikiliza sote Jumamosi, mezani, na ana hamu ya samaki. Kasema samaki tu. Lakini mtu makini huelewa zaidi ya anachoambiwa. Wajapani humla mbichi.
Nimenunua kilo nzima. Nimejifungia jikoni kufanya mazoezi. Kipande cha kwanza kimekataa kushuka, ila kwa kisu kikali zaidi nitafaulu.