Kocha Aliyekuja na Viti

Jumatatu, 1 Septemba
Ushindi kwenye kamati ya chuo. Kocha niliyempendekeza kwa timu yetu ya mpira amepita. Anicet, Mrundi, mwenyekiti wa kamati ya misiba ya jumuiya yetu ya ugenini, mwenye viti sitini vya plastiki. Nilieleza kwamba mtu anayeweza kunyamazisha waombolezaji mia mbili hawezi kushindwa na wanafunzi kumi na mmoja. Na viti atavileta bure kwa watazamaji. Cédric, ambaye anautaka ukatibu wangu wa michezo tangu Pasaka, aliuliza kama huku si kubahatisha. Nikasema ni maono.

Madame Félicité, mkuu wa chuo, akaamua: tukimaliza wa mwisho kwenye ligi, ukatibu unakwenda kwa Cédric. Pamoja na chumba. Hilo la chumba sikulitegemea. Kiko nyuma ya chuo, hapa mtaa wa Glenwood, na mlango naufunga mwenyewe. Kabla yake nililala miaka minne kwenye kochi la shemeji, South Beach, ghorofa ya kumi na moja, lifti mbovu.

Jumamosi, 6 Septemba
Tumefungwa tatu bila. Viti sitini, watazamaji tisa. Kocha hakufoka. Mwishoni alimpa kila mchezaji mkono kwa mikono miwili na kumwambia pole. Golikipa alilia.

Jumamosi, 13 Septemba
Nne moja. Pole tena. Cédric alikuwa ukingoni na daftari. Sijui aliandika nini. Aliandika kwa furaha.

Umebaki mchezo mmoja, Jumamosi ijayo, na vinara wa ligi. Tukifungwa, mkia ni wetu.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimesoma kanuni za ligi mara tatu. Kanuni ya kumi na moja! Timu ikipata msiba, mchezo unaahirishwa. Usipochezwa hadi mwisho wa mwezi, kila timu inapewa pointi moja. Pointi moja inatutoa mkiani. Kinachohitajika ni barua ya kocha. Na marehemu.

Jumanne, 16 Septemba
Nimemchagua mjomba Pascal, kaka wa marehemu mama. Yuko nyumbani Uvira, ana miaka themanini na mmoja, na ana presha. Aliwahi kuuza baiskeli yangu. Nilimwandikia kocha kwamba mjomba amefariki, kwamba ni jambo dogo la familia, watu wasisumbuke, barua tu inatosha. Akajibu: nimesikia.

Jumatano, 17 Septemba
Saa kumi na mbili asubuhi. Pickup mlangoni. Viti sitini.

Nilisahau nimeajiri nani. Chumba kinaingia viti vinne. Vingine vikajaza ua wa chuo hadi kwenye ngazi za ofisi. Akina mama walifika na masufuria. Kocha aliomba picha ya marehemu. Kufikia saa sita ilikuwa kwenye fremu, na maua. Nikaulizwa alikufaje. Usingizini, nikasema. Wote wakakubali kwamba ni kifo kizuri.

Mama Goreth, anayeuza vitenge mjini, alisimama mbele ya picha muda mrefu. Kumbe naye ni wa Uvira.

"Huyu ni Pascal wa Mulongwe," alisema. "Mwaka wa mafuriko alinibebea mutoto kwa mabega, mpaka barabarani. Hakuniuliza hata jina."

Hilo sikulijua. Mimi nilijua la baiskeli. Nililia kidogo. Ni uchovu.

Alhamisi, 18 Septemba
Siku ya pili. Kocha aliwaketisha wachezaji kwa mistari: mabeki nyuma, washambuliaji karibu na sufuria. Barua ya ligi ameshaituma. Cédric alikuja na mfuko wa mchele. Alinikumbatia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mtu fulani amepiga picha za matanga na kuziweka mtandaoni. Sikupata nguvu ya kuuliza nani.

Ijumaa, 19 Septemba
Simu yangu ilikuwa inachajiwa chini ya picha ya marehemu. Ikaita kwa video. Kocha ndiye aliyekuwa karibu. Aliitazama simu, akaitazama fremu, akatoka nayo nje. Dakika kumi. Aliporudi aliniinamia sikioni, kama anayenifariji.

"Mujomba yako iko muzima. Ameona picha. Anauliza kama hawa watu wamekula."

Nikasema wamekula. Akasema basi sawa. Kisha akaniambia kwamba barua anaifuta, kesho tunacheza. Yeye hajawahi kumwandikia msiba mtu anayekunywa chai. Wengine hatawaambia.

Jumamosi, 20 Septemba
Tano bila. Wachezaji walivaa vitambaa vyeusi mkononi kwa heshima ya mjomba. Walikimbia kuliko siku zote. Wa mwisho.

Jumatatu, 22 Septemba
Kamati. Kocha anabaki! Madame alisema ameona jinsi alivyoiweka timu pamoja siku tatu; ajaye na viti kabla hajaitwa haachwi. Cédric akaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba kumwajiri kocha hakukuwa kubahatisha. Kubahatisha kulikuwa kumwacha Gilbert, yaani mimi, aajiri. Ikaandikwa. Uongo wangu nao umejulikana, na si kwa kocha. Mama Goreth ndiye aliyepiga simu Uvira kutoa pole, na aliyepokea ni mjomba.

Nimekabidhi ufunguo. Kochi la shemeji liko palepale. Lifti pia.

Jumanne, 7 Oktoba
Dada yangu Ghislaine amepiga simu kutoka Uvira saa nne asubuhi. Mjomba amefariki. Kweli. Usingizini.

Nilimwambia shemeji. Akasema eish, akavaa viatu, akaenda kazini. Niliandika kwenye kundi la jumuiya. Arobaini na mmoja wamesoma. Mmoja amejibu: aliuliza kama na Desemba atakufa tena. Nilimpigia Mama Goreth. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia mtu anakaliwa matanga mara moja.

Saa kumi mlango uligongwa. Kocha Anicet, ghorofa kumi na moja kwa ngazi, kiti kimoja begani. Alikiweka karibu na dirisha, akaketi.

"Pole, Gilbert."

Nilimpa chai. Alipomaliza kunywa, alisema kwamba tangu ile simu mjomba alikuwa akimpigia kila Jumapili kuuliza timu inaendeleaje. Alishauri beki wa kushoto abadilishwe. Kocha amembadilisha mazoezini.

Mimi hakunipigia hata mara moja. Wala mimi sikumpigia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kocha ameacha kiti. Si kusahau, alisema matanga ni siku tatu, atakifuata Ijumaa. Nimekikalia tangu jana. Ni kigumu.

Nimesikia Cédric amechoka na ukatibu, wazazi wanamsumbua. Ligi mpya inaanza Machi. Nimeandika barua ya maombi, kurasa mbili, nimetaja uzoefu. Nimeangalia pia kanuni mpya. Ile ya kumi na moja haijaguswa.

Mjomba Pascal ameacha mdogo wake Bukavu. Miaka sabini na minane, sukari. Picha yake ninayo, na safari hii nitasema amezikwa tayari.